Kuutafiti mto kwa njia tatu: vipimo, nyaraka na kauli za watu

Novemba 1922 wawakilishi wa majimbo saba ya Marekani walitia saini mkataba wa kugawana maji ya mto Colorado. Nusu ya juu ya bonde ilipewa ekari-futi milioni 7.5 kwa mwaka (ekari-futi ni maji yanayofunika ekari moja kwa kina cha futi moja), na nusu ya chini kiasi hichohicho. Jumla yake ni takriban kilomita za ujazo 18.5. Hesabu ile ilitegemea vipimo vya miaka michache tu, na miaka yenyewe ilikuwa ya neema. Mwaka 1976 watafiti waliosoma pete za miti mikongwe ya bonde hilo walionyesha kwamba mwanzo wa karne ya 20 ulikuwa miongoni mwa vipindi vya maji mengi zaidi katika miaka 400 na ushei. Wastani wa muda mrefu waliukadiria kuwa ekari-futi milioni 13.5. Watu walikuwa wamegawana maji ambayo mto hauna, na mpaka leo majimbo hayo yanavutana kwa sababu hiyo.

Nimeanza na Colorado kwa sababu mkasa huo unaonyesha kwa nini mto hauwezi kueleweka kwa taaluma moja. Kipimo kinaweza kuwa sahihi na bado kikapotosha, kama hujui kilichukuliwa katika zama za namna gani. Nyaraka za kale nazo ziliandikwa na watu wenye maslahi yao. Simulizi za wakazi huhifadhi mambo yasiyomo katika daftari lolote, lakini huyapanga kwa mantiki yake. Ninachoshikilia katika mwongozo huu ni kwamba utafiti mzuri wa mto hujengwa pale ushahidi wa aina hizi tatu unapopingana. Hatua zifuatazo zimepangwa ili kukufikisha hapo, uwe unaandika tasnifu ya shahada, ripoti ya mradi au makala yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua kipande cha mto na swali moja

Usitafiti mto mzima. Congo una urefu wa takriban kilomita 4,700, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuusoma wote kwa undani. Chagua kipande chenye mwanzo na mwisho unaoeleweka: kati ya matawimto mawili, kati ya bwawa na daraja, au kutoka maporomoko hadi mahali maji ya chumvi yanapoanzia.

Kisha andika swali ambalo aina zote tatu za ushahidi zinaweza kulijibu. "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwenye mto" ni mada tu. Swali ni kama hili: "Je, mafuriko ya kipande hiki yamebadilika tangu bwawa lijengwe, na wanaolima kingoni wamebadilisha nini?" Hapo mwanahaidrolojia ana la kupima, mwanahistoria ana la kutafuta makavazini, na wakulima wana la kusimulia. Lijaribu swali lako kabla ya kwenda mbele. Kama taaluma moja pekee inaweza kulimaliza, ni swali la taaluma hiyo, wala huhitaji mwongozo huu.

Hatua ya 2: Chora bonde lote, hata kama unasoma kipande

Kila kitu kinachopita kwenye kipande chako kimetoka juu: maji, mchanga, mbolea, magogo, takataka. Kwa hiyo chora mpaka wa eneo linalomwaga maji yake hapo. Pakua data ya miinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa chombo cha anga mwezi Februari 2000, ambayo inapatikana bure kwa undani wa takriban mita 30. Ifungue kwenye QGIS, programu ambayo nayo ni ya bure. Itakuchorea mistari ya mitiririko na mpaka wa bonde.

Maeneo tambarare yana hatari yake. Kwenye vinamasi na delta, tofauti za miinuko ni ndogo kuliko makosa ya data yenyewe, hivyo kompyuta huchora mito isiyokuwepo. Huko, aminia picha za setilaiti na maelezo ya wavuvi kuliko mstari wa programu.

Hatua ya 3: Pima maji mwenyewe

Hata kama kuna data rasmi, pima. Utaielewa zaidi data ya wengine ukishajua ugumu wa kuipata.

Kipimo cha msingi ni ujazo wa mtiririko, yaani mita za ujazo zinazopita kwa sekunde. Tafuta mahali mto ulipo mnyofu, usio na mawe makubwa wala maji yanayozunguka. Nyosha kamba yenye alama kutoka ukingo hadi ukingo. Gawanya upana huo katika vipande 20 au zaidi, na katika kila kipande pima kina, kisha kasi. Ukiwa na mita ya mkondo, yaani kifaa cha kupimia kasi ya maji, iweke kwenye asilimia 60 ya kina ukihesabu kutoka juu, maana kasi ya hapo hukaribia wastani wa safu nzima ya maji. Penye kina kirefu, kuanzia robo tatu za mita hivi, pima mara mbili, kwenye asilimia 20 na asilimia 80, uchukue wastani. Zidisha eneo la kila kipande kwa kasi yake, kisha jumlisha.

Bila mita, tumia kielea. Pima umbali wa mita 20 au 30 kando ya mto, tupa kitu kinachozama nusu, uhesabu sekunde, kisha gawanya umbali kwa sekunde hizo upate kasi. Rudia mara kadhaa katikati na karibu na kila ukingo. Maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kasi hiyo kwa 0.85. Ni makadirio, lakini ukiyaandika kwa uangalifu yana thamani kubwa kuliko ukimya.

Usalama haujadiliwi. Zidisha kina kwa mita na kasi kwa mita kwa sekunde; jibu likikaribia 1, usiingie majini. Usipime peke yako. Waulize wenyeji kuhusu mamba, viboko na kichocho, na uangalie mawingu ya upande wa chanzo, kwa kuwa mvua inayoleta mafuriko si lazima inyeshe mahali uliposimama.

Kipimo cha siku moja hakisemi mengi. Simika ubao wa kina, yaani ubao wenye alama za kupimia kimo cha maji, uusome kila siku kwa saa ileile, na upime mtiririko katika viwango tofauti vya maji, kiangazi hadi masika. Ukichora kina dhidi ya mtiririko utapata mchirizo unaokuwezesha kugeuza kina chochote kuwa mtiririko. Ila mchirizo huo hufa pale kitanda cha mto kinapobadilika. Furiko moja kubwa likikwangua mchanga, kina kilekile kinakuwa na maji tofauti kabisa. Pima upya baada ya kila furiko.

Kwa mito yenye vituo rasmi, anza na mamlaka ya maji ya nchi husika, kisha nenda kwenye Kituo cha Data za Mitiririko Duniani kilichoko Koblenz, Ujerumani. Kilianzishwa mwaka 1988 na kinahifadhi rekodi za vituo zaidi ya 10,000.

Viumbe na mawe navyo husema. Mabuu ya wadudu yanayoishi chini ya mawe hayawezi kukimbia uchafu, hivyo aina zinazopatikana hueleza hali ya maji ya miezi iliyopita, jambo ambalo chupa moja ya sampuli haliwezi. Afrika Kusini kuna mfumo wa SASS unaoipa kila jamii ya wadudu alama kulingana na uvumilivu wake, na unafaa kuigwa. Kwa mawe, tumia njia iliyoelezwa na mtafiti Wolman mwaka 1954: tembea ukivuka mto, okota jiwe linaloguswa na ncha ya kidole chako bila kulichagua, pima upana wake wa kati (si urefu wala unene), rudia hadi mawe 100. Ukirudia mwaka baada ya mwaka utaona kama bwawa la juu limeuzuia mchanga.

Hatua ya 4: Soma njia ambazo mto umeziacha

Mto huhama. Picha za setilaiti za Landsat zinaanzia mwaka 1972, na za Sentinel-2, zenye undani wa mita 10, zinaanzia 2015. Zote ni bure. Linganisha picha za msimu uleule na, ikiwezekana, za kiwango kilekile cha maji. Wapo wanaoweka picha ya kiangazi kando ya picha ya masika na kutangaza kwamba mto umepanuka. Kosa hilo linajirudia mno katika tasnifu.

Kabla ya 1972 zipo picha za ndege, na kabla ya hapo alama za ardhini ni mashapo, yaani tope na mchanga ulioachwa na maji. Kwenye kuta za kingo zilizokatika utaona matabaka: mchanga mzito ni furiko, tope laini ni maji yaliyotulia, mstari mweusi huenda ni moto au udongo wa zamani. Mkaa uliomo ndani unaweza kupimwa umri kwa kaboni hadi miaka 50,000 hivi iliyopita.

Kuwa makini na ramani zinazopendeza. Mwaka 1944 mwanajiolojia Harold Fisk alitoa ramani za njia za kale za mto Mississippi wa Marekani, kila zama kwa rangi yake, na hadi leo watu huzitundika ukutani. Uchoraji wake ni wa ajabu. Tarehe zake nyingi, hata hivyo, zilirekebishwa baadaye na wataalamu wa mashapo.

Hatua ya 5: Ingia makavazini

Hapa ndipo wanasayansi wengi huchoka mapema, na ndipo ninapowasihi wakae zaidi. Mfano wa kutia moyo ni Nile. Katika kisiwa cha Roda, Kairo, kuna kisima chenye nguzo ya kupimia kina cha mto, kilichojengwa mwaka 861 kwa amri ya khalifa al-Mutawakkil, na kumbukumbu za kina cha Nile za eneo hilo, zilizoanza kabla ya kisima hicho, zinarejea hadi karne ya 7. Mhandisi Mwingereza Harold Hurst, aliyefika Misri mwaka 1906, alizitumia kumbukumbu hizo kufikiria ukubwa wa bwawa linalohitajika. Aligundua kwamba miaka ya maji mengi hufuatana, na ya ukame hufuatana, kuliko vile bahati nasibu ingeonyesha. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1951, na leo kipimo chenye jina lake kinatumika hata katika masomo ya fedha. Bila waandishi wa zamani wa Roda asingekuwa na la kuhesabu.

Lakini tazama mtego uliomo humohumo. Nile ilikuwa ikilaza tope chini kila mwaka, kitanda kikainuka, na hivyo dhiraa zilizosomwa kwenye nguzo zikaongezeka bila maji yenyewe kuongezeka. Kwa kila rekodi ya zamani jiulize: sifuri ya kipimo ilikuwa wapi, je, iliwahi kuhamishwa, na kitanda kilifanya nini wakati huo?

Kalenda nayo ni kikwazo. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa takriban siku 11, kwa hiyo mwezi uleule huzunguka misimu yote. Uingereza ilihamia kalenda ya Gregori mwaka 1752, Urusi mwaka 1918. Furiko lililoandikwa katika nchi mbili linaweza kuonekana mafuriko mawili.

Zaidi ya rekodi za kina, tafuta kesi za mahakamani (watu wanaogombea mashamba yaliyohamishwa na mto hueleza mipaka kwa undani wa kushangaza), hesabu za ushuru wa vivuko, madaftari ya viwanda vya kusaga, barua za wamisionari, ripoti za wahandisi, na alama za mafuriko zilizochongwa kwenye kuta za madaraja. Kwa kila hati andika nani aliiandika, kwa ajili ya nani, na alitaka nini.

Swali la mwisho ni zito. Mto Manjano wa Uchina ulibomoa kingo zake mwaka 1855, ukaacha njia ya kusini mwa rasi ya Shandong na kwenda kuingia ghuba ya Bohai upande wa kaskazini. Mwaka 1938 ukahama tena kuelekea kusini, na haukurudishwa hadi 1947. Kwenye ramani matukio haya yanafanana. Ila la pili lilifanywa na jeshi la serikali ya Uchina, lililobomoa kingo huko Huayuankou ili kuwazuia Wajapani, na raia wengi mno waliangamia. Mtafiti anayetumia mashapo peke yake ataliweka kwenye orodha ya mafuriko ya asili.

Mto Rhine wa Ulaya nao hausomeki bila siasa na uhandisi. Kuanzia 1817, kwa mpango wa mhandisi Johann Gottfried Tulla, mizingo (mapindo) ya Rhine ya juu ilikatwa hadi kazi ikakamilika mwaka 1876. Kati ya Basel na Worms mto ulifupishwa kutoka kilomita 354 hadi 273. Mashamba yalipatikana na malaria ikapungua. Maji nayo yakaongeza kasi, yakachimba kitanda, na mafuriko yakawahi kufika miji ya chini. Ukisoma ripoti za wakati huo utakuta ushindi. Madhara mengi yaliandikwa miongo mingi baadaye, na hutayapata kama ukiishia kwenye jalada moja.

Hatua ya 6: Kaa na watu wa mto

Pata vibali vya utafiti, kisha pata ridhaa ya watu wenyewe, maana kibali cha ofisini hakimlazimishi mzee kukueleza siri za ukoo wake. Eleza unachotafuta, nani anakulipa, na matokeo yatakwenda wapi. Uliza kama wanataka majina yao yaandikwe au yafichwe. Usiahidi mradi wa maji.

Usianze na maswali yaliyochapwa. Tembea na mtu kando ya mto, mwache akuonyeshe. Mvuvi atakuambia vilindi vilipo, mama anayechota maji atajua mwezi ambao yanabadilika harufu, mchimba mchanga anajua mahali unapojijaza upya. Kila mahali panapotajwa weka alama kwenye GPS. Majina ya mahali yarekodi yote: kijiji chenye jina la kivuko kilicho kilomita mbili kutoka majini leo ni dalili ya njia ya zamani, na dalili hiyo inaweza kuchunguzwa kwenye mashapo.

Kwa tarehe, usiulize mwaka. Uliza furiko lile lilikuwa kabla au baada ya tukio kubwa linalojulikana, nani alikuwa amezaliwa, nani alikuwa kiongozi. Uliza watu kadhaa, kila mmoja kivyake, wanawake na wanaume, wa ukingo huu na wa ule.

Imani na ibada zichukulie kama maarifa yenye mpangilio. Marufuku ya kuvua mahali fulani mara nyingi hulinda mazalia ya samaki, lakini usikimbilie kuigeuza kila marufuku kuwa ikolojia. Nyingine zinahusu wafu, ukoo au mamlaka, na zina uzito wake hivyohivyo. Msitu mtakatifu wa Osun huko Osogbo, Nigeria, uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2005, na kiini chake ni uhusiano wa watu na mungu wa kike wa mto.

Uhusiano wa namna hii unaweza pia kubadilisha sheria. Wamaori wa Whanganui, New Zealand, walidai haki zao juu ya mto wao tangu miaka ya 1870, wakisema wao ni mto na mto ni wao. Mwaka 2017 bunge lilipitisha sheria inayoutambua mto huo kuwa nafsi ya kisheria. Colombia, Mahakama ya Katiba ilikuwa imeutambua mto Atrato kuwa na haki mwaka 2016. Huko India, mahakama ya jimbo la Uttarakhand ilitoa uamuzi kama huo kuhusu Ganga na Yamuna mwezi Machi 2017, lakini Mahakama ya Juu ikausimamisha Julai mwaka huohuo. Anayesoma mito hii kwa mita ya mkondo peke yake hawezi kueleza kwa nini madai haya matatu yaliishia mahali tofauti.

Hatua ya 7: Wagonganishe mashahidi

Chukua karatasi ndefu au jedwali la kompyuta. Safu ya kwanza ni miaka. Ya pili vipimo na mashapo, ya tatu nyaraka, ya nne masimulizi. Jaza. Kisha chora vilevile kwenye ramani moja. Penye makubaliano utapita haraka. Penye ukinzani, simama.

Bwawa la Kariba kwenye Zambezi linafaa kwa zoezi hili. Safu ya vipimo inaonyesha mafuriko makubwa mwaka 1957, na makubwa zaidi mwaka 1958, wakati ujenzi ukiendelea. Nyaraka zinaonyesha kuhamishwa kwa Watonga wapatao 57,000 kutoka kingo zote mbili, na kwamba Septemba 1958 polisi waliwaua watu wanane wa eneo la Chipepo waliokataa kuondoka. Masimulizi ya Watonga yanamtaja Nyaminyami, roho wa mto, aliyeghadhibika kutenganishwa na mkewe kwa ukuta ule.

Mtafiti mvivu ataiweka safu ya nne pembeni kama hekaya. Isome vizuri. Masimulizi yanakubaliana na vipimo kuhusu mafuriko mawili yaliyofuatana. Yanapingana na hati za serikali kuhusu kilichopotea: hati zinahesabu nyumba na vichwa vya watu, masimulizi yanazungumzia makaburi ya wahenga na mashamba ya kingoni yaliyorutubishwa kila mwaka maji yalipopungua. Hapo swali jipya limezaliwa, na ni la sayansi ya udongo: ardhi waliyopewa ilikuwa na rutuba kiasi gani kulinganisha na ile iliyozama?

Ukinzani wa aina hii usiumalize kwa kupiga kura, ushahidi wa aina mbili dhidi ya aina moja. Jiulize kila shahidi alikuwa na nafasi gani ya kujua. Mzee aliyekuwa mtoto wakati wa furiko anaweza kukosea mwaka, lakini si rahisi akosee maji yalifika kwenye mti upi, kwani mti huo unaweza kusimama bado na ukapima urefu wake. Kituo cha maji kinaweza kuwa sahihi miaka 30, kisha furiko kubwa zaidi likakizoa, na daftari likabaki tupu siku zile ulizozihitaji kuliko zote. Ramani ya mkoloni inaweza kuwa makini kwenye kingo zinazopitwa na meli na ya kubuni ndani ya vinamasi ambako mpimaji hakufika.

Hatua ya 8: Andika na uhifadhi

Andika ukianzia na kipande cha mto, kisha ukinzani ulioupata, kisha namna ulivyouchunguza. Usitenge sura ya sayansi, sura ya historia na sura ya utamaduni. Mpangilio huo hurudisha kuta ulizozibomoa. Penye shaka iliyobaki, iache wazi na useme ni ushahidi gani ungeiondoa.

Weka data mahali pa wazi, pamoja na mahali na kimo cha sifuri ya ubao wako, tarehe za kila kipimo cha mtiririko, na kalenda ulizobadilisha. Rekodi za sauti zihifadhiwe kwa masharti ya wenyewe. Baadhi zitafungwa kwa jamii pekee. Peleka ramani iliyochapwa na muhtasari kwa lugha ya wakazi kabla hujachapisha kitaaluma, uwape muda wa kukusahihisha, na marekebisho yao yaandikwe ndani ya kazi kwa jina au kwa siri, kama watakavyochagua. Ubao wa kina uuache umesimama, na mkabidhi daftari mtu aliyekuwa akikusaidia kuusoma.